Kushuka njia fupi ya kokoto yenye mwinuko mkali, Ilboru Arusha: tunateleza, vidole vinaumia. Tufanyeje?

mkazi_wa_ilboru

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa wanaojua milima.

Njia tunayofanyia mazoezi inaanzia juu ya makazi huku Ilboru na kupanda kuelekea msitu wa Meru. Kwa kipimo cha simu ina urefu wa kilomita 1.1 na inapanda mita 260. Chini ni udongo mgumu uliokanyagwa na bodaboda na ng'ombe, hapo hatuna neno. Balaa ni mita 200 za mwisho, ambazo peke yake zinapanda mita 70. Pale udongo ni mgumu kama sakafu, na juu yake kumetandazwa kokoto, nyingine kama punje ya mahindi, nyingine kama ndimu.

Kupanda tunapanda. Shida ni kushuka. Tuko akina mama 14, umri ni kuanzia 30 hadi 58, kila Jumamosi asubuhi. Kila safari wawili watatu wanakalishwa chini na kokoto, vidole gumba vinagonga mbele ya kiatu, na kesho yake mapaja yanauma kiasi cha kushuka ngazi kinyumenyume. Wengi wanavaa raba za kukimbilia, wawili wana buti za mtumba, mmoja anakuja na katambuga. Sita kati yetu wanataka kupanda Meru mwezi wa tisa.

Naomba kujua: mguu unawekwaje wakati wa kushuka? Viatu gani? Na kilima hiki kifupi kinatosha kwa maandalizi ya Meru? Naomba kuwasilisha.

---

fimbo_na_buti

Dada, kabla ya viatu, tazama kilicho chini ya kokoto. Maelezo yako yanatosha kuonyesha tatizo: kokoto ni chache na sakafu yake ni ngumu. Zikiwa tabaka moja au mawili juu ya udongo uliokauka, kila punje inageuka gololi. Mguu hauna cha kuchimba, haupati pa kuzama, unabiringika tu.

Wafundishe wote kipimo hiki. Piga kisigino chini kwa nguvu ya kawaida. Kikizama sentimita 3 au zaidi, hiyo ni kokoto ya kuzama, na ina mshuko wake. Kikigonga "ko" na kurudi, hiyo ni sakafu ya gololi, na mshuko wake ni tofauti kabisa. Njia moja hubadilika hivyo mara nyingi ndani ya mita 50, kwa hiyo usipime mara moja ukadhani umemaliza.

Kwenye sakafu ya gololi, unyayo wote utue kwa pamoja. Wengi huanguka kwa sababu ya hofu: anaegemea nyuma, kisigino kinatangulia, uzito wote unasukuma mguu kwenda mbele badala ya kuukandamiza chini, na kokoto zinaondoka naye. Mwambie alegeze magoti, ashushe kiuno kama anayetaka kukaa kwenye kigoda, halafu alete kifua mbele hadi pua iwe juu ya vidole vya miguu. Mara ya kwanza inatisha. Baada ya hatua ishirini ataona tofauti. Hatua iwe fupi, isizidi urefu wa kiatu chake mwenyewe. Mguu utangulie na kutulia kwanza, uzito ufuate.

Pa kukanyaga napo pana elimu yake. Katikati ya njia ndipo palipolainishwa na matairi, kwa hiyo tafuta ukingo wenye majani mafupi. Jiwe lililozikwa nusu ni rafiki, kanyaga juu yake au upande wake wa mlimani ambako kokoto zimejikusanya na kujipanga. Jiwe lililolala tu juu ya udongo usiliamini hata likiwa kubwa kama sufuria. Mizizi ya miti iepuke asubuhi yenye umande. Macho yawe hatua tatu au nne mbele. Anayeangalia vidole vyake anachelewa kuona anapokwenda.

Pale pakali zaidi mshuke kwa ubavu: bega moja lielekee bondeni, ukingo wa soli ukate kokoto, mguu wa chini utangulie, wa juu uufuate bila kuupita. Kila baada ya hatua kumi mgeuke upande wa pili ili goti moja lisibebe kazi yote.

Hesabu ya kukata kona nayo ni hii. Mita zenu 200 zinazopanda 70 ni mwinuko wa takriban asilimia 37. Ukizikata kimshazari kwa nyuzi 45, unabaki na kama asilimia 26. Umbali unaongezeka, lakini kuteleza kunapungua sana. Mfanye hivyo ndani ya upana wa njia iliyopo tu. Msifungue njia mpya pembeni.

Jambo la mwisho ni mpangilio. Watu 14 kwenye mstari mmoja juu ya kokoto ni hatari, maana wa juu anamwaga mawe kwa wa chini. Gawaneni wanne wanne, ndani ya kundi mkae karibu, hatua mbili tu kati ya mtu na mtu, ili jiwe likiondoka lisipate mwendo kabla ya kufika mguuni pa mwenzako. Kundi la pili lisianze mpaka la kwanza litoke chini ya mstari wa kuanguka mawe na kusogea pembeni. Atakayeangusha jiwe, hata dogo, apaze sauti "JIWE!" na kila mtu atazame juu kabla ya kukimbia.

---

fundi_soli_moshi

Nijibu la viatu tu.

Raba ya kukimbilia inatosha kwa njia ya kilomita moja, mradi soli yake si kipara. Tazama meno ya soli kama unavyotazama kashata za tairi: yawe na kina cha milimita 4 au 5, yawe na nafasi kati yake ili kokoto zisikwame, na kisigino kiwe na ukingo mkali. Raba nyingi za lami zina meno ya milimita moja au mbili na kisigino kilichochongwa mviringo. Hizo ndizo zinazowakalisha chini.

Kwa buti za mtumba, kabla hujalipa pale soko la Kilombero, Tengeru siku ya gulio, au soko la Memorial kwa sisi wa Moshi, shika buti mbele na nyuma, ulikunje mara kumi kwa nguvu. Halafu bonyeza kwa ukucha ile sponji iliyo kati ya soli na ngozi. Ikimomonyoka kama kashata ya nazi iliyokauka, rudisha. Sponji ya aina hiyo huoza yenyewe kwa umri na unyevu, hata kama buti limekaa kabatini bila kuvaliwa, ndiyo maana buti linaloonekana jipya hufunguka soli lote katikati ya mlima. Gundi ya fundi haiwezi kuokoa sponji iliyooza. Soli ikiwa nzima lakini imeachia pembeni, hiyo inatengenezeka: isafishwe gundi ya zamani yote, ikwanguliwe kwa msasa, ipakwe gundi pande zote mbili, iachwe ikauke mpaka isishike kidole, ndipo ibanwe, kisha ishonwe kuzunguka. Akikupaka gundi na kukuvalisha hapo hapo, hujatengenezewa.

Saizi: ukiwa umevaa soksi za mlimani, usifunge kamba, sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino kipite kidole kimoja cha shahada bila kulazimisha. Kisipopita, kucha gumba zitageuka nyeusi, hakuna dawa.

Kisipungue kidole, kisizidi. Kikizidi, mguu unakimbia ndani ya kiatu na kufika mbele kwa kishindo. Na hapa ndipo wengi wenu mnapoumia, si kwa sababu ya saizi, ni kufunga kamba. Wakati wa kushuka fungeni hivi: kamba ikifika tundu la pili kutoka juu, iingize kwenye tundu la juu kabisa la upande ule ule ili ibaki pete ndogo kati ya matundu hayo mawili. Kwenye raba mara nyingi kuna tundu la ziada ambalo watu hawalitumii, ni kwa kazi hiyo hiyo. Fanya pande zote mbili. Pitisha kamba ya kulia kwenye pete ya kushoto, na ya kushoto kwenye pete ya kulia. Kabla ya kukaza, gonga kisigino chini mara tatu ili kikae nyuma kabisa ya kiatu. Vuta kamba kuelekea chini, si juu, halafu funga kawaida. Kisigino kinabaki kimeshikwa na vidole vinapumua. Fanyeni kileleni kabla ya kuanza kushuka, maana wakati wa kupanda unaweza kulegeza.

Kucha zikatwe siku mbili au tatu kabla, kwa mstari ulionyooka. Soksi za pamba tupu zinashika jasho na kuleta malengelenge, bora za sufu au nailoni.

Mama wa katambuga: tairi linashika vizuri sana kama kashata haijaisha, sina ugomvi nalo. Tatizo ni upande wa juu. Jasho likichanganyika na vumbi, mguu unateleza ndani ya katambuga yenyewe, na kokoto zinaingia chini ya unyayo. Kwenye zile mita 200 avae kiatu cha kufunga.

---

mkazi_wa_ilboru

Asanteni sana, hilo la kamba sijawahi kulisikia. Nina swali la nyongeza. Mama yetu wa miaka 58 goti la kulia linamsumbua wakati wa kushuka tu, kupanda hana shida. Anatumia fimbo moja ya mti. Je, ni sahihi? Na la Meru bado halijajibiwa.

---

mzee_wa_kibo

Mwanangu, nianze na fimbo.

Kwa goti, fimbo mbili ni bora kuliko moja, kwa sababu moja humfanya mtu aegemee upande mmoja. Si lazima za dukani. Mianzi miwili mikavu au miti miwili iliyonyooka inatosha, yenye unene wa kushikika vizuri. Urefu: asimame tambarare, akishika fimbo kiwiko kikunje nyuzi 90. Kwa kushuka aongeze sentimita 5 hadi 10, au kama ni mti usiorefushwa, aushike kwa juu kabisa kiganja kikifunika kichwa cha fimbo. Fimbo zitangulie chini kabla ya mguu, zote mbili, halafu mguu ushuke katikati yake. Akisubiri mpaka ameshakanyaga ndipo achomeke fimbo, hazijamsaidia goti hata kidogo. Zile za dukani zenye kofia ya mpira mbele, ivue, mpira juu ya kokoto unateleza, ncha ya chuma ndiyo inayochimba. Na penye kokoto atoe mikono kwenye mikanda ya fimbo, akianguka asivunjike kidole gumba. Goti likivimba au likikwama, hilo si la fimbo, aende akapimwe.

Fimbo_na_buti ameeleza vizuri sakafu ya gololi. Niongeze kokoto ya kuzama, maana wanaokwenda juu wataikuta, na pale ushauri wa unyayo mzima unageuka. Kule Kilimanjaro, kuanzia Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, kushuka kambi ya Kibo Hut ni karibu mita 1,000 za changarawe na majivu ya volkano. Kwenye kina kama kile kisigino ndicho kinachotangulia. Unakichomeka, vidole vikitazama juu kidogo, goti limelegea, unakiacha kiteleze nusu hatua mpaka kokoto zijikusanye chini yake na kukusimamisha zenyewe, ndipo unahamia mguu wa pili. Mwili unabaki wima. Ukikanyaga kwa vidole kwenye kina kile unapinduka kifudifudi. Lakini chini ya zile changarawe kuna miamba iliyojificha, kwa hiyo usikimbie hata ukiona wenzako wanakimbia. Usiku, baridi inazigandisha kidogo kokoto na kuzifanya zishike, mchana zinaachia. Hiyo ni sababu mojawapo ya watu kupanda usiku.

Sasa Meru. Kilele ni mita 4,566. Kambi ya juu, Saddle Hut, iko takriban mita 3,570, na kambi ya chini yake, Miriakamba, takriban mita 2,514. Siku ya kileleni mnatoka Saddle usiku, mnafika juu alfajiri, mnashuka Saddle, na wengi huendelea siku hiyo hiyo hadi Miriakamba. Jumlisha: ni zaidi ya mita 2,000 za kushuka kwa siku moja. Kilima chenu ni mita 260. Ni karibu mara nane. Kwa hiyo kilima kinatosha, ila safari moja ya Jumamosi haitoshi.

Maumivu ya mapaja mnayoyapata yanatokana na misuli ya mbele kufanya kazi ya breki, yaani inakaza huku inanyooshwa. Kazi hiyo huumiza zaidi kuliko kupanda, na maumivu huja siku ya pili na ya tatu. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza haraka. Ukishaushusha mara moja vizuri, safari inayofuata ndani ya wiki moja au mbili huuma kidogo sana. Ukikaa muda mrefu bila kushuka, faida hiyo inapungua. Kwa hiyo bora mara mbili kwa wiki kwa kiasi kuliko mara moja kwa fujo.

Wale sita waende hivi. Wiki mbili za kwanza, mzunguko mmoja mara mbili kwa wiki, na mkazo wote uwe kwenye mshuko wa polepole. Wiki mbili zinazofuata, mizunguko miwili Jumamosi. Halafu mitatu. Wakifikisha minne kwa siku moja wamepanda na kushuka mita 1,040, ambayo ni kama kutoka Saddle hadi kileleni na kurudi. Wafanye hivyo mara mbili tatu, mara ya mwisho iwe siku kumi kabla ya safari, halafu wapumzishe miguu.

Mzigo: mwanzoni kila mmoja apande na dumu la lita 5 la maji mgongoni, akifika juu amwagilie miti, ashuke bila mzigo. Mapafu na miguu vinapata kazi, magoti yanapona. Wiki za mwisho ashuke na kilo 4 au 5, kwa kuwa Meru atashuka na begi.

Kitu kimoja kilima hakiwapi ni hewa. Ilboru haizoeshi mwili urefu wa mita 4,000 hata mkipanda kila siku. Hilo linatatuliwa kwa ratiba ya siku nne badala ya tatu, na kutembea hadi Little Meru, kilele kidogo cha jirani, mchana ule mnapofika Saddle. Askari wa hifadhi mwenye bunduki ni lazima kwa sababu ya nyati, msitengane naye mkiwa msituni.

---

nesi_zamu_ya_usiku

Niwaongezee la kuanguka, maana wanaanguka kila wiki.

Mtu akiteleza, kawaida anatupa mikono nyuma, na hapo ndipo kifundo cha mkono kinapovunjika. Wafundisheni kukaa: akihisi mguu umeondoka, akunje magoti haraka na kukalia tako la upande mmoja, mikono kifuani. Glovu za ujenzi, zile za kitambaa zenye mpira kiganjani, ni bei ndogo na zinaokoa viganja.

Kidonda cha kokoto kioshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka, lita nzima ikibidi, mpaka punje zote nyeusi zitoke. Zikibaki ndani zinaleta usaha, na nyingine huacha alama nyeusi chini ya ngozi. Toboa kifuniko cha chupa ya maji kwa pini, ibane, utapata mkondo wenye nguvu. Sabuni izunguke kidonda, isimwagwe ndani. Usipake majivu, dawa ya meno wala kahawa. Kama kidonda kina udongo na imepita miaka 5 tangu chanjo ya pepopunda, au hakumbuki kabisa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kifundo cha mguu kikipinda: mwache apumzike dakika chache, halafu ajaribu hatua nne. Akishindwa hizo nne, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, ule unaochomoza ndani au nje, akaruka kwa maumivu, hiyo ni picha ya eksirei, si ya kukandwa. Legeza kamba lakini usimvue kiatu mpaka mfike chini, mguu ukivimba hautarudi ndani. Kila mmoja awe na lita moja ya maji, na kiongozi awe na bandeji pana mbili, filimbi na simu yenye chaji. Namba ya dharura ni 112.

---

mkulima_wa_mfereji

Mimi ni wa huku huku juu. Nawaomba jambo moja, dada. Pale juu, upande wa kushoto wa njia, kuna watu wamekata mkato ulionyooka. Msiutumie. Mkato ulionyooka ukipigwa na mvua ya masika unakuwa korongo ndani ya msimu mmoja, na kokoto zote zinashukia kwenye mfereji wa kumwagilia migomba na kahawa. Kuzibua mfereji uliojaa kokoto ni kazi ya siku nzima ya majembe. Mkiona jiwe mmeliangusha mferejini, litoeni. Na mkifika mpaka wa msitu, pale ni hifadhi, ulizeni ruhusa kabla ya kuingia.

Kuhusu siku nzuri ya kupanda: kokoto inashika vizuri kuliko siku zote kesho yake baada ya manyunyu. Vumbi limelala na punje zimekaa kwenye udongo wenye unyevu. Mwezi wa saba hadi wa kumi, kukiwa kukavu kabisa, ndipo gololi zinapokuwa mbaya. Masika ni tatizo jingine, pale chini panakuwa utelezi na soli inajaa tope, meno hayafanyi kazi. Mkiona tope limejaa, gongeni viatu kwenye jiwe kabla ya kuanza zile mita 200.

---

mkazi_wa_ilboru

Shikamoo mzee wa Kibo, na asanteni nyote. Mkulima, ule mkato tulikuwa tunautumia, tumeacha. Jumamosi tunaanza na kipimo cha kisigino na kamba. Swali dogo: kwa mara ya kwanza, nani atangulie kushuka, anayejua au mwenye hofu?

---

fimbo_na_buti

Anayejua atangulie, mwenye hofu awe wa pili, akanyage alama zile zile. Wewe kiongozi kaa nyuma kabisa ya kundi la mwisho. Na mwenye hofu msimshike mkono kwenye kokoto, mkiteleza mtaanguka wawili. Apewe ncha ya fimbo ashike, yule anayejua akiwa chini yake hatua moja pembeni.